Namna ya kupima wanga, sukari na mafuta ukitumia vitu vya sokoni na duka la dawa

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Morogoro, na kinachoniuma ni kuona kijana anataja amilosi, selulosi na fosfolipidi bila kigugumizi, halafu ukimpa ndizi akuonyeshe wanga ulipo, anakutazama tu. Mambo haya yanaonekana kwa macho. Kama shule yenu haina maabara, nenda duka la dawa ununue aidini ya vidonda, chupa ya spiriti na pamba. Sokoni chukua ndizi za aina moja, moja mbichi kabisa, moja inayoanza kuiva na moja iliyoiva ikatoka madoa. Ongeza karanga, yai, mafuta ya alizeti na mafuta ya nazi.

Anza na ndizi. Changanya aidini na maji mpaka ipate rangi ya njano ya kahawia, kisha kata vipande vitatu, uvipange kwenye sahani nyeupe na udondoshee kila kimoja matone mawili matatu. Ndizi mbichi itageuka bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi, karibu kipande kizima. Ya katikati itakuwa na mabaka. Iliyoiva itabaki na rangi ya aidini, labda na alama hafifu hapa na pale. Ndizi ya kula inapoiva, vimeng'enya vyake (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) huvunja wanga kuwa sukari, ndiyo maana ulimi wako ulishajua jibu kabla ya aidini. (Usitumie mzuzu kwa zoezi hili: hata ukiiva hubaki na wanga, utachanganyikiwa.)

Sasa, kwa nini nyeusi? Wanga ni glukosi nyingi zilizoungana moja baada ya nyingine, kama shanga kwenye uzi. Sehemu yake iitwayo amilosi haina matawi, na uzi wake hujisokota, takriban glukosi sita kwa kila mzunguko. Katikati ya msokoto huo panabaki uwazi, na aidini huingia humo ikajipanga. Rangi unayoiona inatokana na mpangilio huo. Kwa hiyo usipime uji wa moto! Joto hulegeza msokoto, rangi inafifia, nawe unaandika kuwa wanga haupo. Subiri upoe.

Ukishaelewa hapo, jaribu mate. Pika uji mwepesi sana wa muhogo, uache upoe, ugawe vikombe viwili. Kimoja tia mate kiasi cha kijiko cha chai, kingine tia maji kiasi hichohicho. Viweke vyote kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyounguza mkono. Kila baada ya dakika chache chukua tone toka kila kikombe, uliweke kwenye sahani na uliguse na aidini. Kikombe cha maji kitaendelea kutoa bluu-nyeusi. Cha mate kitafifia hadi rangi ya aidini ibaki vilevile, kwa sababu amilesi, kimeng'enya kilichomo kwenye mate, imekatakata uzi. Kikombe cha maji usikiache kamwe. Bila hicho huwezi kusema ni mate yaliyofanya kazi, pengine uji ungebadilika wenyewe.

Halafu pamba. Dondoshea aidini pamba safi ya duka la dawa: haigeuki nyeusi. Lakini pamba ni selulosi karibu tupu, na selulosi nayo ni glukosi mwanzo hadi mwisho! Tofauti iko kwenye kiungo. Katika selulosi kila glukosi ya pili imegeuzwa juu chini, kwa hiyo uzi unanyooka badala ya kujisokota, na nyuzi hizo zinalala ubavu kwa ubavu na kushikana sana. Ndiyo inayoupa ukuta wa seli ya mmea nguvu. Amilesi yetu haikitambui kiungo hicho. Ng'ombe anafaidi nyasi kwa sababu bakteria walio tumboni mwake wanakijua. Kwa maoni yangu hakuna mfano mzuri kuliko huu wa jinsi umbo linavyoamua kazi, nami huwa siondoki hapo mpaka darasa zima limekubali.

Sukari inahitaji mchanganyiko wa Benedict, kimiminika cha bluu cha kupimia sukari, huu tafuta maabara. Chemsha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Asali itatoka bluu kwenda kijani, njano, chungwa, hadi nyekundu ya tofali. Sukari ya chai itabaki bluu, maana glukosi na fruktosi zake zimeungana kwenye sehemu zilezile ambazo zingebadilisha rangi. Ichemshe kwanza na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa ili zitengane, tuliza asidi kwa soda ya kuokea, kisha pima tena: sasa rangi itabadilika.

Mafuta ni rahisi zaidi. Sugua karanga kwenye karatasi, pembeni weka tone la maji, anika. Doa la maji hukauka na kupotea, la karanga hubaki likipitisha mwanga. Ukitaka uhakika, twanga karanga, zitie kwenye kichupa chenye spiriti, tikisa, acha zitulie, kisha mimina ile spiriti ya juu kwenye maji. Maji yakiwa meupe ya maziwa, mafuta yapo. Mimina pia spiriti tupu kwenye maji mengine, kwa sababu spiriti nyingine huchafua maji zenyewe. Na spiriti ikae mbali na jiko.

Molekuli moja ya mafuta ni gliseroli iliyoshika asidi tatu za mafuta, minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni yenye oksijeni kidogo sana. Ndiyo maana gramu 1 hutoa kilojuli 37 hivi za nishati, wanga hutoa 17. Mbegu ya alizeti inabeba mafuta mengi ndani ya ganda dogo kwa sababu hiyo. Mwezi wa Julai, asubuhi, linganisha chupa zako mbili: mafuta ya nazi yameganda, ya alizeti yanatiririka. Minyororo ya nazi mingi imenyooka, inabanana vizuri, wakati ya alizeti imepinda pale kaboni mbili zinaposhikana kwa kiungo maradufu.

Mwisho, tikisa mafuta na maji kwenye chupa, vitaachana. Tia kiini cha yai, tikisa tena, vitakaa pamoja. Kiini kina fosfolipidi: kichwa kinapenda maji, mikia miwili inayakimbia. Seli ina maji ndani na nje, kwa hiyo hizo fosfolipidi hujipanga tabaka mbili, mikia ikitazamana ndani. Huo ndio utando wa seli.

Katika daftari usiandike "hakuna mabadiliko". Andika rangi uliyoiona, mathalani "rangi ya kahawia ya aidini imebaki", ndipo uhitimishe. Na vidole vikipata madoa ya aidini, ponda kidonge cha vitamini C kwenye maji kidogo, usugulie. Yanatoka palepale.