Kabla hujagusa skrubu za gia za nyuma

Gia za nyuma za baiskeli zikianza kuruka, wengi hukimbilia bisibisi. Iweke chini kwanza. Mara nyingi ubovu hauko kwenye skrubu, na ukizizungusha kabla ya kukagua mengine utapoteza vipimo vilivyokuwa sahihi, huku tatizo likibaki palepale.

Anza kwa usafi: mafuta ya taa, mswaki wa zamani, kitambaa. Cheni yenye tope haipimiki. Hakikisha gurudumu la nyuma limekaa katikati ya fremu na limekazwa.

Pima cheni kwa rula yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 kwenda mbele. Kwenye cheni isiyochakaa, pini ya 24 huangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, imevutika, badilisha. Ikifika 1/8, ujue na meno ya fraiwili, lile rundo la meno la gurudumu la nyuma, yameliwa, na cheni mpya itaruka juu yake hata ukikesha unarekebisha.

Kwa baiskeli ya mtumba, hesabu sproketi, yaani zile sahani za meno za fraiwili, halafu hesabu hatua za swichi ya gia kwenye usukani. Swichi ya gia 7 kwenye fraiwili ya 6 haiwezi kugonga gia zote sawasawa. Na sisi wa pwani, fungua waya wa gia uuvute kwa mkono ndani ya gamba lake. Ukikwama au ukikwaruza, ni kutu. Weka waya mpya na gamba jipya.

Sasa lile ambalo watu hulipita: sikio. Ni kile kipande cha mwisho wa fremu, upande wa kulia, kinachobeba mkono wa gia wenye vile vigurudumu viwili vidogo. Likipinda hata kidogo, hakuna skrubu itakayokuokoa.

Kijana wa jirani yetu tulisafiri naye kwa basi kutoka Tanga, baiskeli zikiwa kwenye buti. Ya kwake ililazwa ubavu wa kulia, magunia juu. Tuliposhuka Mombo gia zikawa zinaruka. Fundi wa kando ya barabara akakaza hiki, akalegeza kile, zikatulia kiasi. Hakuna aliyeinama nyuma ya baiskeli kuangalia. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda kwa kona, na kabla ya Soni kijana akabonyeza ili aingie sproketi kubwa kuliko zote. Nikasikia mlio kama wa kuni zinazovunjwa. Mkono wa gia ulikuwa umepita sproketi ukaingia kwenye spoku. Gurudumu likaubeba juu pamoja na cheni, kisha likagoma. Spoku zikakatika, sikio likang'oka. Alianguka upande wa mtaro, akachubuka goti na kiganja. Angeangukia upande wa pili, angekutana na basi lililokuwa linashuka. Kupata sikio jingine nayo ikawa shughuli nyingine, maana fremu za aluminiamu kila moja ina sikio la umbo lake.

Kwa hiyo chuchumaa nyuma ya baiskeli. Vigurudumu vile viwili viwe kwenye mstari mmoja wima, sambamba na gurudumu kubwa. Kile cha chini kikielekea kwenye spoku, simama hapo hapo. Fundi anayejua kazi hutoa mkono wa gia, kisha huskrubu kwenye tundu la sikio ekseli ya gurudumu jingine la nyuma, kwa kuwa nyingi zina nyuzi zilezile za milimita 10. Magurudumu mawili yakiwa sambamba kila upande, sikio limenyooka. La chuma hunyooshwa taratibu. La aluminiamu huvunjika likikunjwakunjwa, afadhali ununue jingine.

Hapo ndipo skrubu zinaruhusiwa. Zitie alama kwa kalamu kabla ya kuzizungusha, robo mzunguko kwa mara moja. Ziko mbili kwenye mkono wa gia, zenye herufi H na L. H huzuia cheni isivuke sproketi ndogo. L huizuia isiingie kwenye spoku. L ipimwe baiskeli ikiwa imesimama, ukisukuma mkono wa gia kwa kidole huku ukizungusha pedali polepole. Waya uwe wa mwisho: cheni ikichelewa kupanda sproketi kubwa, ukaze kidogo, ikichelewa kushuka, ulegeze.

Watoto wakae mbali, kidole kikiingia kati ya cheni na meno hakitoki salama. Khanga na kanzu zikunjwe. Usifanye kazi hii usiku wa kuamkia safari. Jaribu kwanza mtaani, tambarare, bila mzigo wala abiria, pitia gia zote, na breki nazo zikague, hasa kama ulikuwa umetoa gurudumu.