Kabla hujashika msumeno: namna ya kujua wapi uguse msitu na wapi uuache

Mtu akipata kipande cha msitu, wa kurithi au wa kununua au shamba la miti ambalo mwenyewe aliliacha miaka mingi, swali la kwanza huwa nikate au nisikate, na hapo ndo ubishi unaanza maana kuna wanaosema msitu bila mtu unaharibika na kuna wanaosema maumbile yaachwe kama yalivyo mtu asitie mkono kabisa. Mi naona wote wanawahi. Anza na swali lingine: hicho unachokiona ni shida, kimeletwa na mtu au ni tabia ya msitu wenyewe? Ukilijibu hilo vizuri karibu maamuzi yote yanayofuata yanakuwa mepesi.

Vya mtu vinajulikana. Miti ya aina moja iliyopandwa siku moja ikabanana mpaka chini giza hakuoti kitu, mmea vamizi uliofunika maotea (miche iliyojiotea yenyewe), mifugo inayokula kila mche unaochomoza, au moto uliozimwa kila ulipotokea kwa miongo kadhaa. Hapo ukisema unayaachia maumbile unakuwa umeacha kazi ya mtu katikati tu. Vya msitu wenyewe ni mti mzee kuanguka, upepo kulaza sehemu fulani, wadudu kumaliza miti iliyochoka. Hivyo vinatisha kwa macho lakini mara nyingi ndo namna msitu unavyojifanya upya.

Mfano wa moto ndo unaonifundisha zaidi. Marekani mwaka 1910 moto uliteketeza zaidi ya hekta milioni moja kule Idaho na Montana ndani ya siku mbili hivi, watu wakafa, serikali ikaamua moto wowote uzimwe, na 1935 ikawekwa kanuni kwamba moto ukionekana leo uwe umezimwa kesho kabla ya saa nne asubuhi. Ilionekana ni busara kabisa. Lakini kuna miti mikubwa ya California inaitwa sequoia, koni zake, yaani vikasha vyake vya mbegu, zinategemea joto la moto kufunguka na kumwaga mbegu kwa wingi, na mche wake unataka udongo ulio wazi wenye mwanga, kwa hiyo moto mdogo mdogo ulipokatazwa miche ikaadimika na chini yake ikajaa miti midogo na matawi makavu. Moto ulipokuja 2020 na 2021 ulikuta ngazi ya kupandia mpaka juu, inakadiriwa asilimia 13 hadi 19 ya sequoia wakubwa wote duniani wakafa au wakawa wa kufa tu. Miti iliyovuka moto kwa zaidi ya miaka elfu. Kwa hiyo kuzima nako ni kuingilia, na mtu akishaingilia miaka mia hawezi kuamka siku moja akasema sasa basi naacha, inabidi kwanza apunguze ule mzigo aliourundika.

Sasa ingia kwenye msitu wako na kamba, futi kamba na daftari. Kata kamba ya mita 5.64, mmoja ashike ncha moja asimame katikati, mwingine ashike ncha ya pili azunguke nayo, duara hilo ni mita za mraba 100, hesabu miti iliyomo ndani zidisha kwa 100 unapata idadi kwa hekta. Usifanye duara moja ukaridhika, fanya kadhaa sehemu tofauti, bondeni, kilimani, pembezoni, na usichague pale panapopendeza. Kila mti upime mzingo kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka chini, gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Urefu unaupima kwa kijiti: chukua kijiti chenye urefu sawa na kutoka ngumi yako mpaka jichoni mkono ukiwa umenyooka, kishike wima, rudi nyuma mpaka kijiti kifunike mti wote kuanzia shina mpaka kilele, umbali kutoka uliposimama mpaka kwenye shina ndo urefu wake, kwa makadirio.

Alafu gawa urefu kwa kipenyo, vyote kwa mita. Mti wa mita 20 wenye kipenyo cha sentimita 20 unatoa 100, huo ni mwembamba mno kwa urefu wake, ukizidi 80 jua upepo mkali unaweza kuulaza. Angalia na kichwa cha mti pia, sehemu yenye majani mabichi ikiwa chini ya theluthi ya urefu wote basi mti unabanwa, unapigania mwanga kuliko unavyonenepa. Na muhimu kuliko vyote inama uangalie chini: kuna maotea? Ya aina gani? Yamekatwa vichwa na wanyama? Msitu wenye maotea mengi ya aina nyingi unajua unakoenda hata kama juu unaonekana ovyo.

Kama ni shamba la miti lililobanana, basi punguza, na usianze kwa kutafuta miti mibaya. Anza na mizuri, ile unayotaka iwepo miaka 30 ijayo, iliyonyooka yenye kichwa kizuri, na kama kuna mti wa asili umejiotea katikati uhesabu humo humo hata kama mbao zake hazina soko. Ukishaiwekea alama hiyo ndo unatazama nani anaibana, unatoa mmoja au wawili wanaogusana nayo vichwa, basi. Miti dhaifu iliyo mbali isiyomsumbua mtu iache, inakinga upepo na inaweka kivuli. Usitoe zaidi ya theluthi kwa mara moja, na hapa watu wengi wanakosea sana, shamba likiwa limeachwa muda mrefu na ile hesabu yako ya urefu kwa kipenyo inatoa 100 kwenda juu ndo unatakiwa utoe KIDOGO zaidi, maana miti hiyo imezoea kuegemeana, ukifungua ghafla upepo unailaza yote. Toa kidogo, subiri miaka michache inenepe, rudi tena.

Msitu wa asili ni habari nyingine. Huko ukiamua kuvuna (na hakikisha una kibali, hilo sio la mjadala) kosa kubwa ni kuchukua miti bora yote kila mzunguko, maana ile ndo inayozaa mbegu, ukiimaliza unabaki na mbegu za miti iliyopinda. Weka alama miti mama isiyoguswa kabla hujaweka alama ya kuvuna. Kamba za porini zinazounganisha vichwa vya miti zikate miezi kadhaa kabla, la sivyo ukiangusha mmoja unavuta na majirani. Panga barabara ya kuburuza magogo kabla ya kukata, iwe moja na ijulikane, sababu udongo unashindiliwa zaidi na mapito ya kwanza kwanza ya mashine kwa hiyo ni heri kuumiza mstari mmoja kuliko kupita pita kila mahali, na mvua ikinyesha simamisha kazi. Pembeni ya mto na chemchemi usikate, na kwenye mteremko mkali pia usikate.

Kuhusu kuangusha mti wenyewe, kama hujafundishwa chensoo na mtu anayeijua usijifunzie kwenye mti mkubwa, mlipe fundi. Lakini hata unayesimamia ujue kinachotakiwa. Watu wote wasiohusika wakae umbali wa urefu wa mti mara mbili au zaidi. Njia ya kukimbilia inasafishwa kabla, inaenda nyuma kwa kukata pembe, isiwe nyuma moja kwa moja maana shina linaweza kurudi kwa kishindo. Mkato wa mdomo upande wa kuangukia unaingia robo mpaka theluthi ya kipenyo, alafu mkato wa nyuma, na katikati unabaki ukanda wa mti usiokatwa kama sehemu ya kumi ya kipenyo, huo ndo unafanya kazi kama bawaba ya kuuongoza mti. Ukikatwa huo hakuna anayejua mti utaenda wapi. Na mti ulionasa kwenye mwingine usipite chini yake hata kidogo.

Ikitokea dhoruba au wadudu ndo uvumilivu unapimwa. Kule Ujerumani kwenye hifadhi ya msitu wa Bavaria dhoruba ya 1983 ililaza miti mingi, wakaamua sehemu kubwa wasiisafishe, wadudu wa magome wakazaliana na miaka iliyofuata wakaua maelfu ya hekta za miti, watu wa maeneo yale wakakasirika na mtu unawaelewa kabisa, milima ya kwao imegeuka ya kijivu. Leo chini ya magogo yale kumeota msitu mchanga wenye umri tofauti tofauti, bila mtu kupanda. Ila ile ilikuwa hifadhi. Wewe kama miti iko karibu na nyumba au barabara itoe, ni usalama. Na kama ni shamba la mbao, mti ulioshambuliwa uondoe wakati wadudu bado wako ndani ya gome, wakishatoka kuukata mti mkavu hakuzuii kitu, unajipa kazi tu na unaondoa makazi ya ndege na wadudu wengine. Finland wanahesabu aina za viumbe kama 4,000 hadi 5,000 zinazotegemea mti uliokufa, hiyo ni kama robo ya aina zote za viumbe vya misitu yao. Kwa hiyo ile tabia ya kusafisha msitu uonekane nadhifu kama uwanja wa mpira naiomba tuiache jamani. Acha magogo yaoze, acha mti wenye pango usimame.

Kupanda pia usikimbilie. Niger kuanzia miaka ya 1980 wakulima waliacha kung'oa visiki vilivyokuwa hai ardhini, wakachagua machipukizi machache kwenye kila kisiki, wakayapogolea na kuyalinda, na miti ikarudi kwenye karibu hekta milioni 5 bila vitalu vya miche. Basi zungushia uzio au weka mlinzi msimu mmoja au miwili, hesabu maotea kwenye yale maduara yako, na kama kweli hakuna mti wa mbegu jirani ndo upande, aina kadhaa za asili, kwenye mapengo tu.

La mwisho ambalo wengi hawalifanyi: kabla ya kazi yote tenga kipande ambacho hutakigusa, hata sehemu ya kumi, kiwe na udongo na miti kama ya upande unaoufanyia kazi. Weka vigingi, piga picha kutoka pale pale kila mwaka, pima miti ile ile. Baada ya miaka mitano linganisha unene, maotea na miti iliyokufa pande zote mbili. Upande uliougusa ukiwa nyuma au sawa tu na ule ulioacha, mzunguko unaofuata usikate, ongeza eneo la kuacha.