Programu imeganda na intaneti iko sawa? Angalia taima za TCP kwanza

Jamani hii wacha niiandike kabla sijasahau. Kuna duka moja hapa Kongowea niliwawekea programu ya stoki, data yenyewe iko kwa seva Ufaransa. Juzi stima ikapotea dakika mbili, kompyuta ilikuwa kwa UPS haikuzima, rauta ndo ilizima, ikawaka na anwani mpya, simu zote zafungua vizuri lakini programu imeganda tu, binti wa kaunta aandika mauzo kwa daftari na foleni yafika mlangoni. Baada ya robo saa na ushei ikatoa erori yenyewe. Robo saa!

Sasa hapo lawama ni ya kerneli (kiini cha Linux kwa ile kompyuta, ndicho kinachoendesha TCP, yaani utaratibu wa kutuma data kwa mtandao na kungoja jibu kwamba imefika), manake hakuna aliyeiambia kwamba muunganisho ule wa zamani umekufa. Kwetu ukipiga hodi mara tatu usijibiwe waenda zako. Linux haiendi. Ikituma paketi (kipande cha data) isipate jibu yangoja kidogo, si chini ya milisekunde 200, yatuma tena, kisha kila mara yangoja maradufu, 400, 800, sekunde 1.6, mpaka ifike dari ya sekunde 120, na idadi ya kurudia (tcp_retries2) ni 15, kwa hivyo ukijumlisha haikati tamaa kabla ya sekunde 924.6.

Usiguse kitu kabla hujaona taima gani yakimbia. Andika:

ss -tno

Mimi niliona hii: timer:(on,1min12sec,9). Hiyo "on" ni taima ya kutuma tena, 1min12sec ndo imebaki kabla ya hodi nyingine, na 9 ni mara ambazo imesharudia. Ukiona "keepalive" (taima ya kuchungulia kama upande wa pili bado upo) badala ya "on" hiyo ni habari nyingine kabisa, hakuna data inayongoja jibu, laini imelala tu. Hapa ndo wengi wapotea, wapunguza tcp_keepalive_time kutoka sekunde 7200 wakidhani wamemaliza, kumbe keepalive haifanyi kazi kama kuna data iliyotumwa haijajibiwa, na pia programu yenyewe lazima iwe imeiomba kwenye soketi (mlango wake wa muunganisho).

Ukitaka kuijaribu, chukua mashine mbili, fungua nc (programu ndogo ya kutumiana maneno kwa mtandao) kwa poti 9000, ongea kidogo, kisha kwa ile inayopokea weka amri hii, yatupa kila kinachoingia poti hiyo:

iptables -I INPUT -p tcp --dport 9000 -j DROP

Poti 9000 tafadhali, si 22 (ya SSH, unayoingilia seva ukiwa mbali), usije ukajifungia nje ya seva yako mwenyewe. Andika neno moja upande wa kutuma halafu tazama kwa watch -n1 ss -tno, utaona zile sekunde zikishuka na namba ikipanda. Usishangae ile ngoja ndefu ikichelewa sekunde moja mbili. Tangu toleo la 4.8 la mwaka 2016 gurudumu la taima la kerneli (linalopanga taima ipi ilie lini) halijali sana usahihi kwa taima za mbali, kwa sababu taima nyingi za mtandao zafutwa kabla hazijalia, jibu huwa limeshafika, sasa ya nini kujisumbua kuzipanga sawasawa? Kwa kerneli ya HZ 250 (saa yake yapiga mara 250 kwa sekunde) taima ya sekunde 120 yaweza kuchelewa karibu sekunde mbili, lakini hailii mapema.

Dawa zipo mbili. Ya haraka:

sysctl -w net.ipv4.tcp_retries2=8

Hiyo yakuleta kama sekunde 102, ila yagusa kila muunganisho wa mashine nzima, na mimi chini ya 8 siendi, laini zetu zikiyumba kidogo tu utakuwa wakata watu wasio na hatia. Ninayoipenda ni ya soketi moja, kwa Python:

s.setsockopt(socket.IPPROTO_TCP, socket.TCP_USER_TIMEOUT, 20000)

Ni milisekunde hizo, wengi waandika 20 wakidhani ni sekunde halafu waja kulia muunganisho wakatika ovyo. Na hii yasimamia zote mbili, data isiyojibiwa na keepalive pia kama umeiwasha.

Kisha hakikisha programu yajua kuunganisha upya ikipata erori ya ETIMEDOUT (muda wa kungoja umeisha), la sivyo umeharakisha kifo tu. Pale dukani niliweka 20000, nikachomoa rauta mwenyewe mbele ya mwenye duka, tukahesabu, ikatoa erori, rauta ilipowaka ikajiunga tena, na binti akafunga daftari.