Somo: Kufundisha shule ikifungwa, kwa simu ya kitochi, karatasi na ndoo za rangi

Juzi mwalimu kijana alinikuta nafagia stoo ya shule akauliza ndoo za rangi zilizoandikwa majina ya vitongoji ni za nini. Mwaka 2020 yeye alikuwa bado chuoni. Nikaona niandike.

Shule zilifungwa Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini. Tuliambiwa siku 30, zikaongezwa, na sisi wa msingi tukarudi Juni 29. Nafundisha shule ya serikali wilayani Rungwe. Nilianza kwa kosa: nilifungua kundi la WhatsApp. Darasa la saba lilikuwa na watoto 61, wazazi wenye simujanja 11. Nikatuma picha za maswali ya hesabu. Nilipata vidole gumba vinne na tangazo la mbegu za viazi.

Hatua ya 1: Orodhesha simu. Chora safu nne daftarini: mtoto, kitongoji, simu ya nani, na simu hiyo inakuwa nyumbani saa ngapi. Hiyo ya nne usiiruke. Mama akienda kuchuma chai anaondoka na kitochi chake, kinarudi jioni, pengine hakina chaji. Sisi tulikuwa tunapiga asubuhi.

Hatua ya 2: Ndoo. Kila kitongoji tafuta duka wanalopita wengi, weka ndoo mbili za rangi zenye mifuniko: moja ya kazi zinazotoka, nyingine ya zinazorudi. Aprili huku mvua haina huruma, na mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Pembeni weka maji na sabuni. Mtoto ananawa, anachukua, anaondoka. Mwombe mwenye duka awe mkali kidogo, maana watoto wasioonana mwezi mzima wataanza gololi hapo hapo.

Hatua ya 3: Karatasi moja kwa wiki, pande zote mbili. Rimu ina karatasi 500, kwa watoto 61 inafika wiki nane. Upande wa kwanza weka mfano mmoja uliokokotolewa hadi mwisho, kisha maswali matano. Upande wa pili weka kazi ya mikono. Yetu iliyopendwa: pima shamba la migomba kwa hatua zako, tafuta eneo, hesabu mashina ndani ya hatua kumi kwa kumi, kadiria shamba zima. Watoto walikuwa shambani vyovyote vile, basi hesabu ikawafuata huko.

Hatua ya 4: Redio. Taasisi ya Elimu ilikuwa na vipindi vya masomo. Andika saa ya kipindi juu ya karatasi.

Hatua ya 5: Bipu. Saa moja hadi saa mbili usiku mtoto anabipu, mwalimu anapiga. Dakika tano tu: asome aya kwa sauti, aeleze swali moja alilipataje. Tulikuwa walimu wawili, watoto sita kila mmoja kwa jioni, siku tano, jumla 60. Wa 61 alikuwa mwanangu mwenyewe, na ndiye aliyenikwepa kuliko wote.

Hatua ya 6: Sahihisha, urudishe. Somo zima liko hapa. Wiki ya tatu tulichelewa kurudisha kazi zilizosahihishwa. Wiki ya nne ndoo ya marejesho ilikuja nusu. Mtoto akiona kalamu nyekundu na neno moja lenye jina lake, ataandika tena. Asipoiona, anadhani karatasi zinawashiwa moto jikoni kwa mwalimu.

Maswali ya wanachama

*Mdau, Makete:* Mwalimu, kwetu mtandao mpaka upande kilima. Hiyo bipu itakuwaje?

Ndugu yangu, hata sisi tulikuwa na kitongoji cha hivyo. Mwalimu anayekaa karibu alipita kila Jumatano, akasimama uani, mtoto akasoma akiwa barazani. Ndani haingii, hata akikaribishwa chai.

*Mzazi, Mbozi:* Samahani mwalimu, wa kwangu alikuwa anafanyiwa na kaka yake.

Mama, mwandiko tunaujua! Hatukugomba. Ukimuuliza kwenye simu alipataje jibu, kimya kinasema. Kaka mmoja wa sekondari tulimpa kazi rasmi: afundishe, asiandike, kisha asaini chini.

*Mwalimu, Mufindi:* Vocha alilipa nani?

Mwezi wa kwanza mimi na mwenzangu, mifukoni mwetu, na haikufaa. Baadaye kamati ya shule iliomba kila kaya mkungu mmoja wa ndizi, zikauzwa gulioni. Ungeanza na kamati.

*Mwanachama, Njombe:* Hamkuogopa karatasi zinazopita mikono mingi?

Tuliogopa. Tulizilaza siku mbili kabla ya kuzigusa. Baadaye ikajulikana ugonjwa huu huenea zaidi kwa hewa, kwa hiyo leo ningehangaikia msongamano dukani kuliko karatasi.

*Mwalimu, Iringa:* Na darasa la kwanza je?

Hapo tulishindwa, mwalimu mwenzangu. Mtoto anayejifunza kushika penseli hafundishwi kwa ndoo. Wachache wenye dada wavumilivu walisogea. Waliobaki, Juni 29 tulianza nao upya: a, e, i, o, u.