SOMO: Namna muuaji wa mfululizo anavyosakwa katika kesi zilizolala

Wakuu, tukisikia kesi ya miaka thelathini imepata mshukiwa, wengi tunasema "vinasaba (DNA) vimembana" na kuishia hapo. Vinabana kweli, ila vinaingia katikati ya kazi. Kabla yake kuna mtu aliyejifungia na makaratasi ya vumbi, na kwa maoni yangu huyo ndiye anayeamua kama kesi itaamka au itaendelea kulala. Twende hatua kwa hatua, maswali yako chini.

Hatua ya 1: Jua una nini mkononi

Majalada ya zamani yamehamishwa ofisi, yamelowa, mengine yameazimwa yasirudi. Mpelelezi anaanza kwa kuorodhesha kila kielelezo: nguo, kamba, vijiti vya pamba, slaidi za uchunguzi wa maiti, picha, kanda za mahojiano. Pembeni ya kila kimoja anaandika nani alikishika na lini. Kielelezo chenye pengo kwenye mlolongo huo wakili wa utetezi atakichana mahakamani.

Haraka hapa inaua kesi. Sampuli ndogo ikishatumika kwenye kipimo imekwenda, haizaliwi tena. Kesi nyingi zinapona leo kwa sababu mtaalamu fulani wa zamani alibakiza kidogo.

Hatua ya 2: Soma jalada lote

Lote, kuanzia ukurasa wa kwanza. Usianze na muhtasari, maana muhtasari umebeba imani za aliyeuandika. Tengeneza kalenda moja ya matukio yote, na orodha moja ya kila jina lililotajwa: shahidi, jirani, dereva aliyesimamishwa barabarani, mtu aliyehojiwa dakika tano akaachiwa.

Nasisitiza kwa sababu historia inatisha. Peter Sutcliffe, aliyeua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza, alihojiwa na polisi mara tisa kabla ya kukamatwa Januari 1981. Taarifa zake zilikuwepo, ila zilitawanyika kwenye kadi za karatasi zilizojaa hadi mfumo ukashindwa kupumua. Juu ya hapo, mwaka 1979 mzushi mmoja alituma kanda ya sauti akijifanya ndiye muuaji. Polisi wakaanza kuwaondoa kwenye orodha watu wasio na lafudhi ile. Sutcliffe hakuwa nayo, na baada ya kanda hiyo aliua wanawake wengine watatu. Aliyetuma kanda alikuja kupatikana kwa vinasaba vilivyobaki kwenye bahasha, akafungwa mwaka 2006.

Gary Ridgway, muuaji wa mfululizo wa jimbo la Washington, Marekani, naye alikuwa ndani ya mafaili tangu miaka ya mwanzo. Mwaka 1984 alipimwa na mashine ya kugundua uongo, akapita. Mwaka 1987 walichukua mate yake, lakini teknolojia ya wakati ule haikutosha. Mate hayohayo ndiyo yaliyomkamatisha mwaka 2001.

Kwa hiyo ukikuta mtu "aliondolewa kwenye orodha", uliza aliondolewa kwa kigezo gani. Kama ni lafudhi au ile mashine, mrudishe.

Hatua ya 3: Je, ni mkono mmoja?

Tofautisha mambo mawili. Kuna mbinu, yaani anachofanya ili uhalifu ufanikiwe: anaingiaje, anatumia silaha gani, anaondokaje. Hii hubadilika kadiri anavyopata uzoefu. Halafu kuna kile anachofanya kwa haja ya nafsi yake tu, kisichomsaidia chochote kutoroka. Hicho hudumu zaidi.

Lakini usilewe na saikolojia. California ilikuwa na mbakaji wa kaskazini na muuaji wa kusini, na kwa miaka mingi walihesabiwa kama watu wawili. Mwaka 2001 vinasaba vikaonyesha ni mtu mmoja. Mfanano wa matukio unakupa dhana. Ushahidi ndio unaounganisha.

Hatua ya 4: Maabara

Kipimo cha kawaida kinasoma sehemu chache za vinasaba (Marekani wanatumia 20 tangu 2017), kisha matokeo yanalinganishwa na hifadhidata ya wahalifu. Jina likitoka, vizuri.

Lakini hata maabara inaweza kukudanganya. Ujerumani waliwahi kumsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana katika matukio karibu 40, yakiwemo mauaji ya askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikagundulika vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa havina vijidudu, ila vinasaba vya mtu vilibaki. Muuaji hodari kuliko wote, na hakuwepo!

Hatua ya 5: Kupitia ukoo

Hifadhidata isipotoa jina, kuna njia ya ukoo. Hapa zinasomwa nukta laki kadhaa za jenomu (vinasaba vyote vya mtu kwa jumla), na matokeo yanapandishwa kwenye tovuti ambako watu wa kawaida wanatafuta ndugu zao. Muuaji mwenyewe hatakuwemo, ila binamu wa mbali anaweza kuwemo. Wataalamu wa nasaba wanapanda hadi kwa mababu wa pamoja, kisha wanashuka tawi kwa tawi, wakichuja kwa jinsia, umri na makazi.

Ndivyo alivyopatikana Joseph James DeAngelo, yule mtu mmoja wa California wa hatua ya 3, Aprili 2018, kupitia tovuti za aina hiyo, ikiwemo GEDmatch. Uhalifu wake ulianza miaka ya 1970, na kwa sehemu ya muda huo alikuwa askari polisi. Hakuwahi kuwa mshukiwa, kwa hiyo nakiri huyu anaipinga hoja yangu ya hatua ya 2, kwamba jina huwa tayari limo jaladani. Za mwizi arobaini, ila zake zilihesabiwa kwa miaka.

Hatua ya 6: Mzingire kimya

Jina la ukoo ni fununu, halitoshi kumkamata mtu. Unahitaji sampuli yake mwenyewe. DeAngelo walipangusa kitasa cha mlango wa gari lake, kisha wakaokota karatasi laini aliyoitupa kwenye takataka. Wakati huohuo mpelelezi anajaza kalenda ya maisha yake: aliishi wapi, zamu za kazi, magari, safari, vifungo.

Hatua ya 7: Mahojiano

Yafiche mambo ambayo muuaji pekee anayajua. Usimwonyeshe picha za eneo la tukio, usimtajie silaha. Akieleza mwenyewe kitu ambacho hakikuchapishwa popote, hapo umepata kitu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mtu akikiri mwenyewe si kesi imeisha?*

Hapana. Sture Bergwall wa Sweden alikiri mauaji zaidi ya 30 na akatiwa hatiani kwa manane. Baadaye alikana yote, na hukumu zote zikafutwa hadi kufikia 2013. Kule Uingereza, kesi ya kwanza ya mauaji kutumia vinasaba ilianza kwa kumsafisha kijana aliyekuwa amekiri. Baada yake ndipo akapatikana Colin Pitchfork, aliyehukumiwa 1988, ambaye alikuwa amemtuma mwenzake akatolewe damu kwa jina lake. Upande wa pili yuko Samuel Little, aliyekiri mauaji 93 Marekani. FBI hawakumeza tu, walilinganisha kila kisa na jalada lake, na kufikia 2019 walikuwa wamethibitisha 50.

*Na kama mshukiwa ana pacha wa kufanana?*

Kipimo cha kawaida hakiwatenganishi. Alama za vidole zinawatenganisha, hata kwa mapacha. Na kalenda ya hatua ya 6: nani alikuwa wapi usiku ule.

*Vinasaba vyake vikikutwa mwilini kwa marehemu, ataponea wapi?*

Atasema "tulikuwa tunafahamiana", na wakati mwingine ni kweli. Ndiyo maana unataka ushahidi wa aina nyingine. Kwa Ridgway, vinasaba vilimgusa kwa waathiriwa wachache tu. Chembe ndogo za rangi, za aina iliyotumika kiwandani alikokuwa anapaka malori, zikaongeza wengine. Hapo ndipo akakubali kuonyesha miili ilipo ili aepuke adhabu ya kifo, na mwaka 2003 akakiri makosa 48 ya mauaji mahakamani.

*Mwalimu, je kesi inaweza kupitwa na muda?*

Inategemea nchi na kosa. Mauaji katika sehemu nyingi hayana ukomo, makosa mengine yanao. DeAngelo hakuweza kushtakiwa kwa ubakaji wa miaka ya 1970 kwa sababu muda wa kisheria ulikuwa umepita, ingawa alikiri vitendo hivyo alipokubali mauaji 13 mwaka 2020. Kwa hiyo mwendesha mashtaka aitwe mapema, tangu hatua ya 3, aseme ni makosa gani bado yanashtakika.