Namna ya kubishania orodha za albamu bora za mwaka bila kurushiana chupa

Kila mwisho wa mwaka, mvua ikishashika Lubumbashi na maembe yakianza kuuzwa kwa ndoo, watu kumi na wawili hukaa uani kwangu, Kamalondo, kugombana juu ya albamu. Nimeendesha kikao hiki miaka minane. Cha kwanza kilivunjika pale mmoja wetu alipobeba bafle lake (spika) akaenda zake kabla hatujafika nafasi ya tano. Cha mwaka jana kilifika saa saba usiku, na kilichokimaliza ni umeme kukatika. Ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza kati ya vikao hivyo viwili, kwa yeyote anayetaka kufanya hivi kwao, awe Katuba, Goma au Dar.

Mwanzoni tulikuwa tunabishania waimbaji. Huyu mkubwa, yule amekwisha, wewe unampenda kwa sababu mmetoka kijiji kimoja. Ubishi wa namna hiyo hauna pa kushika. Orodha ya wahakiki imetengenezwa na watu, kwa kalenda fulani na kwa hesabu fulani. Ukiifungua na kuangalia ndani, hata mtu mpole hupata la kusema.

Hatua ya 1: Tafuta orodha tatu, uzitoe kwenye karatasi

Tatu zinatosha. Mimi huchukua moja ya Kiingereza, moja ya Kifaransa (Les Inrockuptibles na magazeti ya namna hiyo hutoa kila mwaka), na ya tatu tunaiandika wenyewe. Orodha za nje huanza kutoka mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo unapata wiki tatu nne za kujiandaa.

Zipeleke kwenye duka la fotokopi. Simu ikiwa mkononi, mtu atasoma maoni ya mwenzake wa Paris na kuyaleta kama yake. Karatasi haimsaidii hivyo. Tena haihitaji chaji.

Hatua ya 2: Tazama tarehe kabla ya majina

Mahali hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa bila kujua. Orodha inayotoka mwishoni mwa Novemba ilipigiwa kura wiki kadhaa kabla. Albamu ya Desemba inakuta mlango umefungwa. Beyoncé alitoa albamu yenye jina lake tarehe 13 Desemba 2013, bila tangazo lolote, na magazeti mengi yalikuwa yameshachapa orodha zao. Mwaka uliofuata D'Angelo alikaa kimya hadi tarehe 15 Desemba ndipo akaachia Black Messiah, baada ya miaka 14 hivi bila albamu.

Sasa rudi nyumbani. Msanii wa Kongo anajua pesa ziko sikukuu: harusi, diaspora wanaorudi, matamasha ya Noeli. Fally Ipupa alitoa Tokooos II Desemba 2020, kisha Formule 7 Desemba 2022. Mhakiki wa nje anayefunga hesabu katikati ya Novemba anawezaje kuzikuta? Na mwaka unaofuata anaziona za zamani. Zinaanguka katikati ya miaka miwili kama sarafu kwenye mpasuko wa ubao.

Dawa yetu: mwaka wa kikao unaanza tarehe 1 Desemba na kuisha tarehe 30 Novemba. Formule 7 tuliijadili mwisho wa 2023, watu wakiwa wameicheza harusini mwaka mzima, na ubishi ulikuwa mtamu zaidi kuliko kama tungeijadili ikiwa na wiki mbili. Kama mtu analalamika kwamba kalenda yako ni ya ajabu, mwambie Grammy wana ya kwao. Tuzo za Februari 2025 zilihusu kazi zilizotoka kati ya tarehe 16 Septemba 2023 na tarehe 30 Agosti 2024.

Hatua ya 3: Uliza kura zilihesabiwaje

Niruhusu nikae hapa kidogo, maana hatua hii ndiyo iliyookoa kikao chetu.

Gazeti la Village Voice la New York lilikuwa na kura ya wahakiki iitwayo Pazz & Jop, iliyoanza mwaka 1971 na kuwa ya kila mwaka tangu 1974. Kila mhakiki alitaja albamu kumi na kuzigawia pointi 100. Albamu moja isipate zaidi ya 30, wala isipungue 5. Magazeti mengine hutumia ngazi tu: wa kwanza pointi 10, wa pili 9, hadi wa kumi anayepata 1. Ukisikia hivyo unaweza kudhani tofauti ni ndogo. Chukua kalamu.

Tuseme tuko kumi na wawili. Albamu A inapendwa na wengi kwa kiasi: watu tisa wameiweka nafasi ya nne, kila mmoja akaipa pointi 6. Albamu B ina wapenzi watatu tu, lakini wana wazimu nayo. Wawili wameiweka ya kwanza, wakaipa 30 na 20. Mmoja kaiweka ya tatu, akaipa 10.

Kwa pointi 100: A ina 54, B ina 60. B inashinda.

Kwa ngazi: nafasi ya nne ni pointi 7, mara tisa ni 63. B ina 10, 10 na 8, jumla 28. A inashinda, tena kwa mbali.

Watu ni walewale, masikio ni yaleyale. Nilipoionyesha hesabu hii ubaoni mara ya kwanza, kijana mmoja anayesoma sheria UNILU, chuo kikuu cha hapa, aliinuka: “Yaya, sasa bale bote batatu tulibatukana mwaka yote juu ya nini?” Alikuwa na haki ya kuuliza.

Sisi tunatumia pointi 100. Napenda mfumo unaompa nafasi mtu mwenye wazimu. Ngazi huleta mshindi ambaye hakuna aliyemkasirikia, na mshindi wa namna hiyo, ikifika Januari hakuna anayemsikiliza tena.

Kwa sababu hiyohiyo, orodha ya albamu hamsini isome kutoka chini. Nafasi ya kwanza ni pale walipokutana wote. Mwaka 2024 wahakiki wengi wa Kiingereza walikutana kwenye Brat ya Charli XCX, na ukisoma orodha tano unaona jina lilelile juu. Ukitaka kujua gazeti linajitofautisha vipi na jirani yake, nenda nafasi ya thelathini na kushuka. Huko ndiko mtu mmoja au wawili walipigania kitu chao hadi kikaingia.

Uliza pia wapigakura wanaishi wapi. Konono Nº1, bendi ya Kinshasa, walitoa Congotronics mwaka 2004 kupitia Crammed Discs ya Ubelgiji, likembe (vinanda vya kupigwa kwa vidole gumba) zimefungwa vikuza sauti vya kuungaunga, na wahakiki wa Ulaya na Marekani wakaipokea kwa shangwe. Hapa Kamalondo sijaisikia ikipigwa baa hata usiku mmoja. Baloji amezaliwa hapahapa Lubumbashi, na albamu yake ya 2018, 137 Avenue Kaniama, naipenda sana, lakini mara mbili nimelazimika kuwaeleza majirani yeye ni nani. Sisemi wahakiki wamekosea. Wanasikiliza wakiwa wamekaa, na sisi tunasikiliza tukiwa tumesimama.

Hatua ya 4: Gawaneni kazi ya kusikiliza

Hakuna mwenye mega za kupakua albamu hamsini. Gawaneni: kila mtu apewe nne, mbili za kwao na mbili za ugenini, azitafute, azilete kwenye flashi. Zikizunguka wiki mbili, kila mtu ameonja nyingi.

Sharti: albamu isikilizwe mara tatu kabla ya kuipigia kura. Mara moja kwa visikizi, mara moja kwenye bafle, mara moja ukiwa na kazi nyingine mikononi. Hiyo ya tatu ndiyo mwamuzi. Ukisonga bukari (ugali) na ukajikuta umesimamisha mwiko kusikiliza, andika ni wimbo upi.

Asiyesikiliza hapigi kura. Anaweza kuleta michopo, nyama ya kuchoma.

Hatua ya 5: Wekeni sheria za muziki wetu

Orodha za nje zinadhani albamu ni kitu cha dakika arobaini hivi. Heis ya Rema, ya 2024, ina nyimbo 11 na haifiki nusu saa. Upande wetu, mtu anaweza kutoa diski mbili kwa mpigo. Koffi Olomidé mwaka 2015 alitoa 13ième Apôtre ikiwa na diski nne. Ukizipima kwa rula moja, moja itaitwa pungufu na nyingine itaitwa takataka. Tuliamua hivi: albamu ndefu inahukumiwa kwa nyimbo zake kumi bora, lakini mtetezi wake lazima azitaje zote kumi bila kusoma. Sheria hii imeua albamu nyingi kuliko mhakiki yeyote ninayemjua.

Kisha kuna mabanga, yale majina ya wenye pesa yanayotajwa katikati ya wimbo. Tuligombana miaka miwili. Wazee walisema ni sehemu ya rumba, atakayelipia studio ni nani? Vijana walitaka kila jina likate pointi. Mwafaka: majina hayahesabiwi yakipita juu ya gitaa, yanahesabiwa yakisimamisha uimbaji. Jenerike nayo tunaiweka pembeni, kwa sababu kazi yake ni kuzindua dansi, na kuihukumu kama wimbo wa kawaida ni kumwonea mtunzi.

Na kuna wale ambao neno lenyewe “albamu” linawafungia nje. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kazi ya gitaa lake ilitoka kwenye santuri za pande mbili, upande mmoja wimbo mmoja. Kwa kipimo cha orodha, mtu aliyefundisha nusu ya Afrika kupiga gitaa kwa vidole viwili hana albamu ya kipindi hicho. Kwa hiyo tunaacha nafasi moja, ya kumi na moja, kwa wimbo mmojammoja wa mwaka uliotushinda kuuweka kwingine.

Hatua ya 6: Dakika na sekunde

Siku yenyewe anayeanza kusema ni mdogo kuliko wote. Wakubwa wakianza, vijana watawaitikia “ndiyo papa” hadi usiku.

Sheria ni moja: huruhusiwi kusifu wala kuponda bila kutaja dakika. “Sauti yake nzuri” haikubaliki. “Wimbo wa tatu, dakika ya nne na sekunde kumi” inakubalika, na tunaipiga hapohapo.

Mwaka juzi fundi nguo mmoja, mtu asiyeongea, alikuwa na albamu ya rumba ambayo wote tulikuwa tumeishusha. Walimzomea: “Ile haiko albamu, papa, iko matangazo.” Hakujibu. Aliomba wimbo wa sita, dakika ya tano. Sebene, ile sehemu ya magitaa na dansi, ilikuwa imeshaanza, atalaku, mhamasishaji wa wachezaji, anapiga kelele zake, ngoma zinakimbia. Fundi akainua kidole. Gitaa la pili, lile ambalo hakuna anayelisikiliza, likabadilisha njia: badala ya kurudia mzunguko wake wa noti nne, likaruka noti moja, kama mtu anayeruka dimbwi, na kila liliporudi likaruka mahali pengine. Ilidumu labda sekunde ishirini. Fundi akashusha kidole, akarudi kwenye kiti. “Njo ile tu,” alisema.

Tuliipiga mara nne. Watu watatu walifuta karatasi zao.

Sheria hii ina ubaya wake, nikiri. Inapendelea albamu zenye vituko vidogo, na kuonea zile zenye uzuri wa kutulia, ambazo huwezi kuzinyooshea kidole sekunde fulani. Sijapata dawa. Ninachofanya ni kumruhusu kila mtu albamu moja ya “nipigie yote”, tukanyamaza na kuisikiliza nzima bila neno.

Hatua ya 7: Hesabuni mbele ya watu

Mmoja anasoma, mmoja anaandika ubaoni, wa tatu anajumlisha kwa sauti. Pointi 100 za kila mtu zikaguliwe kwanza. Kila mwaka kuna anayegawa 105. Zikifungana, inashinda iliyotajwa na watu wengi. Basi.

Hatua ya 8: Tunza karatasi zenye majina

Orodha ya mwisho tunaibandika kwenye ligablo (kioski) ya jirani, na mama mwenye mikate huongeza ya kwake chini kwa kalamu ya bluu, nyimbo za kanisa zote. Lakini karatasi za kura, zikiwa na majina ya waliozipiga, nazifungia kwenye kopo la maziwa.

Kila kikao kinafunguliwa kwa kusoma kura za miaka mitano iliyopita. Kila mtu anaimba mstari mmoja kutoka albamu aliyoipa pointi nyingi. Mwaka jana wanne hawakukumbuka hata kiitikio. Fundi nguo alisoma ya kwake, akakaa kimya, akaniomba kalamu arekebishe kidogo tu. Nilimwambia kalamu zote ziko ndani na mlango umefungwa.