Kumpa oksijeni mgonjwa ambaye figo zimefeli ghafla

Mgonjwa akihema wodini, oksijeni huwekwa haraka, na ndivyo inavyotakiwa. Tatizo huanza pale anapoachwa nayo bila mtu kuuliza anahema kwa sababu gani. Figo zikifeli ghafla, kuhema kunaweza kutokana na maji yaliyojaa kwenye mapafu, nimonia, tindikali iliyozidi kwenye damu, au upungufu wa damu. Oksijeni husaidia sana hayo mawili ya kwanza. Mawili ya mwisho inayagusa kidogo mno. Ndiyo maana tunawaandikia manesi na matabibu wa vituo na hospitali za Dar es Salaam mwongozo unaokwenda na namba mbili kwa pamoja: ya oksijeni kidoleni na ya mkojo kwenye mfuko wa kukingia.

Figo hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, lakini sehemu yake ya ndani huishi na oksijeni kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Kuharisha sana, kutoka damu baada ya kujifungua, malaria kali au maambukizi yaliyoingia kwenye damu yakishusha presha, sehemu hiyo huumia mapema. Kuongeza oksijeni puani bila kurudisha mzunguko wa damu hakuisaidii figo.

Hakikisha namba ni ya kweli

Piko, hina na rangi ya kucha huzuia mwanga wa oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu. Rangi ifute kwa asetoni; piko haifutiki, kwa hiyo geuza kifaa kishike kidole kwa ubavuni au kiweke kwenye ndewe ya sikio. Mikono ikiwa ya baridi, ipashe moto kwanza. Usiandike namba mpaka mapigo yanayoonyeshwa na oksimita yalingane na yale unayoyahesabu mwenyewe kwenye kifundo cha mkono. Kwenye ngozi nyeusi oksimita huweza kusoma juu kidogo ya ukweli, basi 92 inayoyumba usiipuuze. Na aliyetolewa kwenye chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa anaweza kusoma 98 huku damu yake imebeba gesi ya sumu: huyo mpe oksijeni nyingi bila kujali namba.

Kiasi gani, kwa kifaa gani

Anza oksijeni oksimita ikisoma chini ya asilimia 90, au mara moja kama yuko kwenye shoku, hajitambui au anadegedega. Lengo ni 94 hadi 98. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu lengo lake ni 88 hadi 92.

Mipira ya puani hutosha kwa lita 1 hadi 5 kwa dakika. Barakoa ya kawaida inataka lita 6 hadi 10. Ukishusha chini ya 5 mgonjwa anavuta tena hewa aliyoitoa. Barakoa yenye mfuko inataka lita 10 hadi 15: ziba vali kwa kidole mpaka mfuko ujae, kisha mvalishe. Mfuko ukinywea kabisa kila anapovuta pumzi, ongeza lita. Mwinue kichwa, akae nusu wima, isipokuwa presha imeshuka sana.

Akifika 100 kwa lita 15, punguza taratibu, ukipima tena baada ya dakika 15. Oksijeni ya ziada hubana mishipa midogo ya damu, na mtungi unaisha bure.

Hesabu ya mtungi ni rahisi: ujazo wa mtungi kwa lita, mara presha ya geji kwa ba. Mtungi wa lita 40 wenye ba 150 una lita 6,000, yaani saa 10 kwa lita 10 kwa dakika. Mtungi mdogo wa ambulensi wa lita 5 wenye ba 120 una lita 600. Kwa lita 15 unakwisha ndani ya dakika 40, na kutoka Mbagala jioni Barabara ya Kilwa ikifunga, dakika 40 hazikufikishi Muhimbili. Kadiria muda wa safari, uzidishe mara mbili, ndipo uchague mtungi. Mafuta au grisi visiguse regyuleta kamwe, vinaweza kuwaka.

Mashine ya kutengeneza oksijeni iache ijiendeshe dakika 5 kabla ya kuitegemea, isogeze mbali na ukuta, na chujio lake lioshwe kila wiki. Umeme ukikatika inazima papo hapo, kwa hiyo mtungi wenye regyuleta iliyokwisha fungwa ukae karibu na kitanda. Ukitilia shaka kama oksijeni inafika, chovya ncha ya mipira kwenye kikombe cha maji. Kama hakuna mapovu, angalia kwanza kifuniko cha chupa ya maji ya kulainisha hewa. Mara nyingi kimefungwa upande na hewa inavujia hapo.

Mkojo, kila saa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo panapoachwa zaidi. Mwekee mpira wa mkojo, mwaga mfuko kila saa, pima kwa jagi lenye alama au sirinji ya mililita 50. Kiwango cha chini ni nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Mtu wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau mililita 30 kwa saa. Zikipita saa 6 bila kufikisha 180, figo zimeumia, hata kama kipimo cha kreatinini (taka ya damu inayotolewa na figo) hakijarudi kutoka maabara. Kreatinini ikipanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au mara moja na nusu ya kiwango chake cha kawaida ndani ya siku 7, jibu ni lilelile.

Mkojo ukikatika ghafla, papasa kibofu kwanza. Mpira uliopinda chini ya paja au ulioziba kwa bonge la damu huonekana kama figo iliyofeli.

Kama ana dalili za kuishiwa maji, mpe dripu mililita 250 hadi 500 kwa dakika 15 hadi 30, kisha simama. Sikiliza mapafu kwa chini mgongoni, hesabu pumzi, angalia oksimita. Hili lishike sana: mahitaji ya oksijeni yakipanda wakati dripu inaingia, kutoka lita 2 kwenda 4, kutoka 4 kwenda barakoa, chukulia kwamba maji yanaingia mapafuni mpaka uthibitishe vinginevyo. Funga dripu. Furosemaidi ni ya kutoa maji yaliyozidi, haiponyi figo. Miligramu 80 zipite kwa dakika 20, kwa sababu ikisukumwa haraka huweza kuharibu masikio.

Simamisha diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo. Jentamaisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo, ifikiriwe upya. Ulizia dawa za mitishamba kwa upole, maana ukifoka ndugu watakuficha.

Oksimita inasema 98, naye bado anahema

Anavuta pumzi ndefu na za haraka, zaidi ya 30 kwa dakika, mapafu ni safi, oksimita 98 bila oksijeni. Hiyo ni tindikali. Pima sukari na ketoni, pima potasiamu, anza mipango ya kusafisha damu kwa mashine (dayalisisi). Kama viganja ni vyeupe na oksimita ni nzuri, pima hemoglobini: oksimita haijui damu ni kidogo kiasi gani, na anachohitaji huyo ni kuongezewa damu.

Potasiamu ikizidi milimoli 6.5 kwa lita, au kipimo cha umeme wa moyo kikionyesha mawimbi ya T yaliyochongoka, mpe kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 polepole kwenye mshipa, urudie baada ya dakika 5 kama mawimbi hayajabadilika. Fuatisha insulini ya kawaida yuniti 10 pamoja na glukosi ya asilimia 50, mililita 50. Pima sukari kwa saa 6 zinazofuata, maana figo zilizofeli huchelewa kuitoa insulini.

Potasiamu isiyoshuka, mapafu yaliyojaa maji yasiyoitikia furosemaidi, tindikali kali, au kuchanganyikiwa na degedege kutokana na uchafu wa damu: huyo anahitaji kusafishwa damu leo. Piga simu hospitali ya rufaa kabla gari halijaondoka. Kwenye barua andika mkojo wa kila saa, jumla ya dripu zilizoingia, lita za oksijeni na kifaa alichonacho, kreatinini na potasiamu pamoja na saa zilipochukuliwa, na kila dawa aliyopewa, ikiwemo ile aliyoinunua duka la dawa mtaani.